Asubuhi Baba Alipoketi Nami Kimya

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, na kila nikiikumbuka kifua hunijaa fahari.

Mama alikuwa amefariki. Mimi nilikuwa fundi cherehani pale Lemara, mjini Arusha, nikishona huku machozi yakidondokea kitambaa. Mteja wangu mmoja, Mama Kumari, mtu wa Sri Lanka na wa dini ya Buddha, akaniona. Alinipeleka bustanini kwake, tukaketi kwenye nyasi, akanifundisha kutafakari: kukaa wima, kufuata pumzi inavyoingia na kutoka, wazo likija nisiligombeze. "Na huzuni usiifukuze," aliniambia. "Iache ikae nawe."

Basi kila alfajiri, kabla ya kushuka mjini, nikawa nakaa nyuma ya migomba yetu, ukingoni mwa kijito, Mlima Meru mbele yangu. Nikaanza kusikia vitu nilivyokua navyo bila kuvisikia: maji yakipita kwenye mawe, mbega wakiunguruma kule msituni. Nililia, lakini usingizi ukanirudia.

Usilolijua ni kama usiku wa giza. Majirani walisema nimepagawa, wengine kwamba nimemwacha Yesu. Wazee wa usharika wakaja nyumbani kumwambia baba niondolewe kwenye kwaya ya kanisa. Baba naye alikuwa mzee wa usharika, mtu mkali, ambaye hakumlilia mama hata siku ya mazishi. Nikajua nimekwisha.

"Sihukumu jambo la kusimuliwa," akawajibu. "Kesho nitakwenda kuona mwenyewe."

Kulipokucha akanifuata, akaketi kwenye umande na koti lake la kanisani.

"Unafanya nini hapa?"

"Nanyamaza, Baba. Nafuata pumzi."

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Jua lilipogusa kilele nikasikia mtu analia. Alikuwa baba. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu, na yeye maradhi yake alikuwa ameyaficha tangu makaburini. Sikumgusa wala kumsemesha. Nilikaa naye mpaka akatulia, kisha nikamweleza ni nani aliyenifundisha.

Jumapili alisimama mbele ya wazee wenzake. "Binti yangu hajabadili dini," alisema. "Aliyemfundisha ni Mbudha, nami namshukuru mama huyo. Sisi tunaomba kila siku, lakini ni nani kati yetu anayenyamaza ili Mungu amjibu? Mkimtoa kwenye kwaya, nitoeni na mimi kwenye baraza la wazee."

Hakutolewa mtu. Siku ile niliimba huku nikimtazama baba, na mpaka leo, popote nipitapo Arusha hii, najivunia kuitwa binti wa mzee yule.

Sasa nisikilize, maana kimya kingi kina mshindo mkuu. Weka simu yako ndani, utoke nje, ukae chini kwenye udongo wa kwenu, uvute pumzi, usikilize. Mlima huu ni wako, usiishi chini yake kama mpita njia. Jambo jema likikujia kwa mtu wa dini nyingine, lipokee kwa heshima, na usione haya kusema ulilipata kwa nani. Nawe ukija kuwa mzazi, usimhukumu mtoto kabla hujaketi pale anapoketi.

Mungu akupe moyo uliotulia, mwanangu, na siku watu watakapokunyooshea kidole, akupe mmoja wa kusimama upande wako.