Koplo Sabiri na Nyuki wa Ipole

Jamani, mimi nimechoka, na nisiposema nitapasuka. Hapa Isevya wananiita mke wa afande. Sokoni wananipisha, "Shikamoo Mama Najiat," naitikia marahaba huku nikijisemea moyoni, laiti ungelala kwangu siku moja tu. Mume wangu Sabiri alistaafu jeshi akiwa koplo. Alirudi nyumbani na cheti, saa ya ukutani, na kiu.

Kiu hiyo aliipata nje ya nchi, walikopelekwa kulinda amani. Kilichowakuta huko hajaniambia mpaka leo. Kwamba gari lao lilishambuliwa njiani na wenzake hawakurudi, hilo nimelisikia kwa watu, si kwake. Alianza na bia, akateremkia kwenye pombe kali za dukani, akaishia kwenye gongo. Babu yake alikuja Tabora na misafara kutoka Umanyema, akabaki, akajenga, akaheshimika. Mjukuu wake tukawa tunamwokota mtaroni na kiatu kimoja. Na akiwa nyumbani halali kama watu. Analala amekaa, mgongo ukutani, macho mlangoni. Upepo ukigonga dirisha anaruka, na mimi naruka naye.

Hospitali walimpa dawa, zikamsaidia kwa kiasi chake. Anaacha, anarudi, anaacha tena. Ndipo muuguzi mmoja, Recheli, binti mpole lakini haogopi mtu, akaniita. Alikuwa na kikundi cha askari wastaafu waliokuwa wakipambana na pombe.

"Mama, dawa ataendelea nazo, na vikao vyetu vya kuzungumza ataendelea navyo," akasema. "Ila mwili wake bado uko vitani. Tunataka tumwongezee kazi ya kuutuliza. Kuna mfugaji wa nyuki kule Ipole anatusaidia na wenzake."

"Nyuki?"

"Nyuki, mama."

"Mume wangu hawezi kushika kikombe cha chai, nusu inaishia kwenye kanzu, leo mnampelekea nyuki? Mnataka kumponya au mnataka nimzike?"

Akacheka mpaka akajishika kiuno. Mimi sikucheka. Lakini nilikuwa nimeshaishiwa, nikamfungia nguo zake akaenda.

Huyo mfugaji anaitwa Kulwa, Mnyamwezi wa palepale, maneno mengi na hasira karibu. Sharti lake lilikuwa moja: mwenye harufu ya pombe haendi mizingani. Nyuki wa Ipole hawapendi harufu hiyo. Ukinywa leo, kesho bado jasho lako linakuchongea, watakushukia wote. Na pale huendi mbio mbio. Unapuliza moshi taratibu, unainua mkono taratibu, unapumua taratibu. Ukiwa na papara wanajua. Nilipoletewa habari hizo nikasema, kwa Sabiri hapo pana kazi kweli kweli.

Lakini wiki zikaenda, na aliporudi kuniona, mtu alikuwa anaongea! Sabiri, ambaye kumtoa neno ni sawa na kung'oa jino, alikaa jikoni kwangu akinieleza jinsi malkia anavyotunzwa, jinsi mzinga wa gome unavyofungwa kamba juu ya mti, jinsi nyuki wakiwa wametulia wanavyovuma sauti moja tu. Akaniambia, "Mama Najiat, pale chini ya mizinga nimelala chali." Nikageukia sufuria ili asinione. Nililia, ndiyo. Mtu amelala chali na mimi nalia, hebu fikiria nimefikishwa wapi.

Basi katikati ya hayo Najiat, binti yetu wa pekee, akaposwa. Kijana mzuri, fundi seremala, ana adabu zake. Na Najiat alirithi ulimi wangu. Akaniketisha akasema, "Mama, kumwoza binti ni haki ya baba, najua. Ila baba akija amelewa, mbele ya wakwe zangu, aniozeshe baba mkubwa Yahaya. Mimi siwezi kuaibishwa siku hiyo. Nyingine zote nimevumilia."

Nilimtumia Sabiri ujumbe huo neno kwa neno. Akajibu kwamba amesikia, na Ijumaa ya nikaha atafika mapema. Yahaya, kaka yake, akashonesha kanzu mpya bila kuambiwa na mtu. Yule bwana amekuwa akingoja nafasi hiyo tangu tuko vijana.

Sasa sikilizeni lililotokea Ipole. Jumatano ile Sabiri alirina mzinga wake wa kwanza kwa mikono yake mwenyewe, na haikutetemeka. Na nyumbani kwa Kulwa wana desturi yao: aliyerina mzinga wa kwanza anakaribishwa na mama wa nyumba kwa kata ya wanzuki, mbele ya watu wote, kabla asali haijagawiwa. Kukataa ni kumtukana mama. Recheli alikuwa amewaonya wote wa nyumba ile: gongo hapana, bia hapana, konyagi hapana. Wakaitikia, na walishika kweli. Ila wanzuki hakuna aliyeitaja, kwa sababu kwa watu wale pombe ni gongo, pombe ni bia. Wanzuki ni asali iliyochachuka, wanampa hata bibi mgonjwa. Mama yake Kulwa akamletea kata kwa mikono miwili, anapiga vigelegele, jamani. Kwa upendo mtupu.

Sabiri akanywa. Anasema funda la kwanza lilipofika kifuani akajua ni nini. Angeweza kuiweka chini hapo hapo. Hakuiweka. Akaimaliza, akaomba nyingine, wakampa, wanacheka naye.

Alhamisi akaenda mizingani kama kawaida, pengine akijidanganya kwamba kweli ilikuwa asali tu. Nyuki hawakudanganyika.

Ijumaa nyumba imejaa. Baraza limetandikwa mikeka, sheikh amefika, wakwe wamefika, pilau inanukia mpaka kwa jirani. Yahaya amekaa mbele kabisa na kanzu yake. Nikasikia pikipiki, nikatoka uani, nikamwona Sabiri anashuka. La haula! Uso umeumuka kama andazi, jicho moja halionekani, midomo huku, masikio kule. Nilijua maana yake kabla hajafungua mdomo, maana sharti la Kulwa nalijua.

"Pumua," nikamwambia.

Akapumua. Harufu hakuna.

"Leo sijanywa," akasema. "Nilikunywa juzi. Wanzuki."

"Sema ulikosea moshi," nikamnong'oneza. "Sema mzinga ulianguka. Watu wataamini, Baba Najiat, nakuomba, leo tu."

Akanitazama kwa lile jicho lililobaki. Nilimwona amechoka, amechoka kunizidi mimi. Akanipita akaingia barazani, akasalimia, na Yahaya akasimama kabla salamu hazijajibiwa.

"Mnaona? Nyuki wa Ipole hawamwumi hivi mtu mkavu. Huyu amekunywa. Sheikh, tuendelee na mimi."

Wakwe wakaangaliana. Mimi nimesimama mlangoni, nataka ardhi inimeze.

"Ni kweli," Sabiri akasema. "Nilikunywa juzi. Nilipewa, na nilipojua ni pombe nikaongeza. Sikuja kuficha. Binti yangu alitoa sharti lake na ana haki. Kaka Yahaya amwoze." Akavua viatu akakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali wanapokaa watoto.

Sheikh akashusha pumzi, akataka kusema neno. Ndipo sauti ya Najiat ikatoka nyuma ya pazia. Amekaa na hina mkononi, hatakiwi hata kuonekana, lakini alisikika mpaka barabarani.

"Baba! Leo umekunywa?"

"Leo sijanywa, mama."

"Basi na mimi ninaolewa leo. Sikuolewa juzi. Njoo huku mbele."

Sheikh akamwita kwa kichwa. Yahaya akabaki amesimama, hajui mikono aiweke wapi, mpaka mtu akamvuta kanzu akakaa. Sabiri akapita kati ya watu akikanyaga kanzu zao, akashika mkono wa mkwewe, na kwa ile midomo iliyovimba akamtaja binti yake, jina lake na jina la baba yake, akamwoza. Maneno hayakutoka sawa. Sheikh alimrudisha, akasema tena, yakatoka.

Nikapiga vigelegele, vikakatikia njiani nikalia kwa sauti, na sikuona haya. Baadaye wakwe wanakula, nikampelekea Sabiri sahani yake pale uani. Hakuweza kutafuna. Akaniuliza taratibu, "Na kesho, Mama Najiat?"

Nikamwambia kesho siijui, mimi nimechoka, ale pilau.