Ukimtambua, Inua Mkono

Mimi nina hasira za karibu. Niliposema nyumbani kwamba nakwenda chuo kikuu kusomea ushauri na tiba ya nafsi, mjomba wangu alicheka mpaka akakohoa. "Weye? Weye ndiye utatuliza batu?" Nilimjibu vibaya, nikanuna siku mbili, kisha nikaenda kujiandikisha. Wakati ule vita vilikuwa vinakwenda na kurudi. Wiki moja tunasoma, wiki nyingine milio ya bunduki inashuka kutoka milimani, upande wa Bijombo, na chuo kinafungwa. Tulikuwa kumi na wawili darasani, na hakuna hata mmoja ambaye hakuwahi kukimbia.

Mwaka wa tatu tulitumwa kufanya staje, yaani mazoezi ya kazi, katika nyumba za kusikiliza, vyumba vidogo vya parokia ambamo watu walikuja kueleza yaliyowapata. Kila Ijumaa asubuhi tulirudi darasani. Mmoja wetu alisoma habari za mtu aliyempokea, bila jina, na sisi tukamsaidia kuona alipokosea. Profesa alikuwa na sheria moja aliyoiandika ubaoni kila wiki, utadhani tulikuwa watoto wa shule ya msingi: ukimtambua mteja, inua mkono, toka, usieleze kitu.

Sheria nzuri, lakini aliyeitunga hakuijua Uvira. Hapa ni ziwa mbele, mlima nyuma, na katikati watu wote ni mashemeji. Siku moja habari za mwanakwaya fulani zilitutoa watu saba. Tukakaa uani tunakula karanga na kukwepa kutazamana, maana kule kutoka tu ni kusema, "Huyo namjua." Wengine wakaanza kusingizia tumbo.

Ijumaa ninayoikumbuka, zamu ilikuwa ya msichana mmoja mpole wa Katogota, aliyezungumza polepole hadi unatamani kumsukuma. Yeye alifanya staje upande wa pili wa mji, mbali na kwetu. Akafungua daftari: mwanamke wa makamo, mjane, anaanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, na kuziuza. Mimi nikaendelea kuchora maua pembeni ya karatasi. Wajane wauza ndagala kando ya ziwa hili utawahesabu mpaka uchoke.

"Vita vya kwanza vilimkuta Makobola," akasoma. "Alitembea na watoto wake wawili hadi mpakani, upande wa Burundi. Alifika amevaa viatu vya mume wake."

Nikaacha kuchora.

Mmoja wa watoto wale wawili ni mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Siku tuliyokimbia, baba alibaki nyuma. Mama akatuficha mimi na mdogo wangu katika shamba la mihogo, akarudi peke yake kumtafuta. Alipotufikia tena alikuwa na viatu vya baba miguuni, vyeusi, vya kamba, ambavyo asubuhi ile ile baba alikuwa amevivaa yeye. Njia nzima nilitembea nikiviangalia, vinampwaya, vinapiga kelele kwenye mawe. Tangu hapo nilikuwa namuuliza: mama, viatu ulivipata wapi? Ulimkuta baba hai? Alisema nini? Naye ananijibu, "Geuza ndagala," au, "Angalia moto." Hatukujua hata kama baba alizikwa.

Kumbe zile Jumatano ambazo mama alituaga kwamba anakwenda kwenye sala, alikuwa anavuka mji mzima kwenda kwa mwenzangu!

Nilipaswa kuinua mkono. Sikuinua. Nasema wazi, niliamua kuiba. Miaka yote nimekiomba kitu hiki kwa mdomo wangu, nanyimwa, na sasa kinakuja chenyewe. Nani angetoka? Nilikaza macho kwenye daftari lile.

"Mteja anasema nyumbani hawezi kuzungumza kwa ajili ya binti yake," mwenzangu akaendelea. "Nasoma maneno yake mwenyewe: 'Ile mutoto yangu mukubwa ananiuliza sawa basoda ya ku bariyeri. Minye napika, ananiuliza. Nakula, ananiuliza. Siku ingine iko na kalamu mu mukono.'"

Darasa likacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, ili nisijulikane. Mwenzetu mmoja akasema, "Huyo binti hana huruma hata kidogo." Profesa akamkatiza: tusiwahukumu watu wa nyumbani, huenda binti naye ana jeraha lake. Maneno hayo ya upole ndiyo yaliyoniuma zaidi. Mimi, askari wa bariyeri, wa kizuizi cha barabarani! Mimi niliyejiona peke yangu ndiye ninayejali katika nyumba ile. Nikakumbuka jinsi mama alivyofunika sufuria na kwenda uani kila nilipofungua mdomo, na jinsi nilivyomfuata hadi huko huko uani.

"Mwisho wa kikao cha nne," mwenzangu akasoma, "aliniambia: 'Nitakuambia weye. Batoto yangu, minye nataka babakie na baba yao vile banamukumbuka.'"

Akafunua ukurasa. "Basi, kuhusu vile viatu..."

Niliinua mkono. Nikasimama kwa nguvu hadi kiti kikaanguka. Mwenzangu akanitazama, na nikaona ameelewa. Profesa alisema tu, "Toka taratibu." Nikaenda hadi ukuta wa mwisho wa uwanja, nisisikie hata sauti, nikalia sana, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Nilimchukia yule msichana. Nilimwonea wivu. Mama yangu mwenyewe amempa yeye alichoninyima mimi.

Wiki iliyofuata aliniita pembeni, macho mekundu, akaniuliza kama nataka aache kumpokea mama. "Ndiyo" ilikuwa tayari mdomoni. Nikaimeza. Nikamwambia, "Endelea naye, dada. Usimwache." Hatukuligusa tena jambo hilo.

Nyumbani niliacha kuuliza. Siku za kwanza mama alinitazama kwa wasiwasi, hata akanigusa paji la uso. "Uko mugonjwa?" Hapana, mama, nimechoka na masomo. Kidogo kidogo akaanza kukaa nami uani tukichambua sombe, majani ya mihogo, akinisimulia mambo madogo ya baba: jinsi alivyoogopa kuku, jinsi alivyoharibu nyimbo kanisani na hakuna aliyethubutu kumwambia. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Jumatano aliendelea kwenda "kwenye sala," nami nilimwambia aniombee na mimi.

Mama alifariki miaka kadhaa baadaye, kwa ugonjwa, kitandani mwake, na kwa watu wa rika lake hapa kwetu hiyo ni neema. Mwenzangu yule wa Katogota alikuja matangani. Alipoingia tu na kuona wanawake wamekaa kwenye mikeka, alianguka chini akalia kilio ambacho hata sisi watoto tulikuwa hatujakifikia. Mdogo wangu alimkodolea macho. Shangazi zangu wakaanza kunong'ona, wanahesabu ukoo upande huu na upande ule, hawamwoni. Mkubwa wao akanivuta kikwembe nilichojifunga.

"Huyu ni mutoto ya nani?"

Nikasogea, nikampa yule msichana nafasi kwenye mkeka, kati yangu na mdogo wangu.

"Ni wa mama," nikasema.