Shangazi wa Ruta

Katika hospitali kuu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, wote walimwita Shangazi, kwa sababu alizigombeza mashine kama mtu anayegombeza watoto wa kaka yake. "Wewe nawe, jana ulikuwa mzima, leo umenuna nini?"

Alianzia mbali. Ujana wake uliishia katika chumba cha simu cha hospitali hiyohiyo, akiunganisha wodi na wodi. Chumba kilipofungwa, wenzake walichukua kiinua mgongo wakaenda zao. Yeye alimwendea mkuu wa kompyuta. "Mwanangu, nifundishe. Kichwa bado kinashika." Mkuu akacheka, lakini akamvutia kiti.

Basi akajifunza, mtu mzima na miwani yake, hadi akakabidhiwa ruta zote zinazorusha mtandao katika kliniki za pembezoni. Alizitawala akiwa amekaa, kupitia kompyuta moja iliyowasiliana na kila ruta huko iliko. Kwa kila aina ya ruta alikuwa na kiolezo chake, yaani mipangilio iliyoandaliwa tayari: jina la mtandao, nywila, nguvu ya mawimbi, waya upi uingie tundu lipi. Akibadilisha kiolezo, ruta zote za aina hiyo hubadilika. Mumewe, dereva mstaafu, alilalamika kwa utani kuwa kichwani mwa mkewe siku hizi kumejaa antena tupu.

Mkurugenzi alipenda mambo ya mkato. "Shangazi, violezo vyote hivi vya nini? Weka kimoja tuyamalize."

"Bosi, wewe na mkeo mnavaa kiatu saizi moja?"

Mkurugenzi akashika njia.

Asubuhi moja Shangazi alituma kiolezo kipya kwa ruta za kisasa. Zote zikaitikia, isipokuwa ile ya kliniki ya wazazi kule mlimani. Hiyo ikapotea kwenye kompyuta. Hajakaa sawa, simu ikalia. Alikuwa mkunga wa kliniki hiyo, sauti juu.

"Mmetufanya nini? Nina mama hapa, picha ya tumbo lake siielewi. Daktari wenu lazima aione, na mashine haitumi!"

"Pole, dada. Hebu niangalizie ruta. Ina rangi gani?"

"Dada yangu, mimi nazalisha watoto, sizalishi mitambo!"

"Basi na huyu katanguliza miguu. Njoo tumgeuze pamoja."

Mkunga akaguna kama anayezuia kicheko. "Ilikuwa nyeupe, sasa imekuwa njano. Ina antena mbili."

Ruta za kisasa ni nyeusi na hazina antena. Kumbe ya kliniki iliungua, fundi akafunga ya zamani kutoka stoo, na kwenye kompyuta ikabaki katika kundi lilelile la ruta za kisasa. Ruta ya kisasa hupokea waya wa nje, ule unaoleta mtandao, kwenye tundu la kwanza; hii ya zamani, tundu la mwisho. Imevalishwa kiolezo kisicho chake, sasa inasubiri mtandao kwenye mlango usio na mtu.

"Kuna waya tundu la mwisho kabisa. Uchomoe, uchomeke la kwanza."

"Nimechomeka. Kuna kitaa cha kijani."

Kwenye kompyuta ruta ikachomoza. Shangazi akaiwahi, akaihamishia kundi lake na kuitumia kiolezo chake. "Sasa urudishe waya ulikokuwa."

"Jamani, mnanichezesha?"

"Rudisha, dada. Niamini."

Mkunga akarudisha. Ruta ikapotea, ikachelewa, kisha ikarudi. Muda si mrefu picha ikafika kwa daktari, naye akaona kondo la nyuma limeziba njia. Gari la wagonjwa likatumwa mlimani mara moja.

Mkurugenzi alipouliza kulitokea nini, Shangazi hakumtupia fundi lawama. "Niliziweka ruta kwenye makundi kwa kuangalia jina la kliniki tu. Ningepaswa kuhakiki aina kwanza. Hilo langu." Kabla ya kwenda nyumbani alishapanga upya: kompyuta iwe inaiuliza ruta yenyewe ni ya aina gani, na isipolingana na kiolezo, hakitoki. Mkurugenzi alimtazama akifanya kazi, akavuta kiti akaomba aelezwe taratibu, na safari hii hakukatiza neno.

Kesho yake mkunga alipiga tena. Mama alipasuliwa, yuko salama, na mtoto wake wa kike analia wodi nzima inamsikia. Shangazi akaweka simu chini, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga yake ingawa haikuwa na vumbi.

"Shangazi, vipi?" mkuu wa kompyuta akamuuliza.

"Nimepata mjukuu," akajibu. Akavaa miwani na kuanza kuikagua ruta ya kliniki nyingine.