Andazi Moja Mbele ya Avenue Nzima

Nyinyi chekeni tu, mimi mwenyewe ilinichukua miezi kuweza kusimulia habari hii bila kutazama chini, maana mwanaume mzima, mwalimu wa darasa la sita anayewachorea watoto utumbo ubaoni, hatakiwi kufikwa na yaliyonifika pale mtaani kwetu Muhumba.

Nilikuwa nimekonda hadi mkanda ukaishiwa matundu, kuharisha hakuishi, na kila aliyeniona alinong'ona karuho (ile sumu ya polepole tunayoiogopa Bukavu kuliko malaria). Nikaenda kwa dada yangu anayekaa kijiji cha Luberizi, nikala wali wiki tatu, nikapata nafuu, nikarudi, nikanywa chai na mandazi ya Maman Zawadi, jirani yangu mjane anayeyauza mlangoni kwake, na siku hiyohiyo tumbo likaanza tena. Sasa nani angebisha? Kwenye chumba cha maombi, tunakokutana majirani kusali, nikatamka sentensi moja tu: "Kila nikikula kwa Maman Zawadi, naanguka." Sumu sikuitaja. Waliitaja wao, na kufikia Jumatatu hakuna aliyenunua kwake tena.

Wakati huohuo daktari alikuwa ananipima: choo, damu, mwishoni mpira mwembamba wenye taa ukashushwa kooni hadi utumbo mdogo, ukachuna kipande. Majibu yakaja. Vinyweleo vya utumbo vinavyofyonza chakula vimelazwa chini na ngano, ugonjwa unaitwa seliaki, na tiba yake ni kuacha ngano maisha yote, hata chembe, pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Kumbe Luberizi sikuwa nimekimbia sumu, nilikuwa nimekimbia mandazi. Niliona haya nikiwa bado kwenye kiti cha daktari.

Nikarudi mbio kumsafisha mama wa watu, nikakuta majirani wamekwisha kusanyika mlangoni kwake, vijana wameshika mawe, chef wa avenue (mjumbe wetu wa mtaa) ameketi kwenye kiti cha plastiki, na Maman Zawadi amesimama kando ya beseni lake la mandazi. Nikainua karatasi ya hospitali, nikaeleza ngano, nikaeleza vinyweleo (nilianza hata kuvichora chini kwa kijiti, Mungu anisamehe). Kijana mmoja akanikatiza (Maître kwetu ndiyo mwalimu).

"Maître, kama haiko sumu, kula tuone."

Nikikataa, anakufa mtu. Nikila, tumbo langu litamshitaki upya. Ningeweza kumwambia huyo kijana ale yeye, lakini akili hiyo ilinijia kesho yake. Nikala andazi zima, na chef akaamuru tungoje saa moja.

Sijawahi kuogopa namna ile. Robo tatu ya saa nikavumilia, kisha ndani kukaanza ngurumo, jasho likanitoka, nikabana miguu huku nikiwatabasamia watu kama bwana harusi, na chef akaniuliza hali, "Uko bien, Maître?" nami nikajibu, "Niko bien sana," na kwenye hilo "sana" mambo yote yakaniponyoka, mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu, ndani ya suruali ya kaki.

"Munaona?" kijana akasema, na wenzake wakasogea.

Chef akasimama katikati yao. "Mungojee. Mimi nimekula ine tangu asubui, mu iyi beseni. Niko muzima." (Mandazi manne! Kumbe mzee alikuwa anakula kwa siri siku zote hizo tulizomsusia mama.) Wakamtazama, wakatazamana, na mawe yakaanza kuwekwa chini.

Maman Zawadi akafungua kitenge chake cha juu, akaja kunifunga kiunoni mbele ya wote.

"Enda ujisafishe," akaniambia taratibu. "Kisha utarudi mu chumba ya maombi, utasema jina yangu tena. Utaisema vizuri."

Nilirudi, nikalisema, nikalia. Wateja wengine hawajarudi kwake mpaka leo, nami ndiye ninayepita kila asubuhi nikiona beseni limejaa. Nimeapa, siku nyingine tumbo likiniuma nitataja chakula nilichokula, na jina la mtu halitatoka kinywani mwangu.