Kidevu na Ndege Waliovuliwa Taji

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Kidevu kilikuwa kidole chake. Kilikuja mbele ya uso wangu kimenyooka, kucha imekatwa vizuri, kikasimama chini ya kidevu changu bila kunigusa, kisha kikaanza kupanda taratibu. Kidevu changu, ambacho siku zote nilikiamini kuwa ni mali yangu, kikakifuata. Kidole kikasogea kushoto, nami nikasogea.

"Usicheke," akaniambia.

Nikamwambia sicheki.

"Unacheka kwa macho. Serikali haitaki kujua kama umefurahi."

Nilikuwa nimemaliza chuo mwezi huohuo, cheti changu kimo kwenye bahasha ya kaki, nina matumaini mengi kuliko nguo. Nilihitaji picha ndogo nane za kuombea kazi. Kazi niliyoipata ikawa mlango wa pili kutoka studio yake, kwenye duka la fotokopi na kuchapa barua, na ndiyo maana naweza kueleza habari zake bila kubahatisha. Kati yetu kuna ukuta wa mbao nyembamba. Yeye akikohoa, karatasi zangu zinatikisika.

Jina lake halisi limeandikwa kwenye leseni ya biashara, na leseni imetundikwa nyuma ya kalenda. Watu wote wanamwita Kidevu kwa sababu ya amri yake, "Kidevu juu," ambayo ameitoa kwa miaka thelathini kwa walimu, madereva, maharusi, na mara moja kwa maiti, baada ya familia kugundua kwamba marehemu hakuwahi kupiga picha hata moja. Anasema huyo ndiye mteja pekee ambaye hakupepesa macho.

Studio yake ni chumba kimoja chenye shuka jeupe ukutani, taa mbili zilizovishwa miavuli, na stuli ya kuzunguka isiyozunguka. Kitana kimefungwa kamba kama mbuzi. Kuna koti jeusi la kuazima linalomwenea kila mtu kwa mbele, kwa kuwa nyuma limebanwa kwa vibanio vya nguo. Sakafuni amechora nyayo mbili kwa rangi nyeupe, na hapo ndipo anaposimama yeye mwenyewe, visigino vikigusa ukuta. Kwenye kioo cha nyuma cha kamera amebandika vipande viwili vya utepe mwekundu. Kidevu cha mteja kinakaa kwenye utepe wa chini, na utosi unakaa kwenye utepe wa juu. Ndivyo kanuni za ofisi ya vitambulisho zinavyotaka, na Kidevu hajawahi kurudishiwa picha hata moja.

Ukuta wa kushoto ndio uliomfanya asemwe mtaani. Hapo ametundika picha za vitu vyenye taji: ndege hudihudi na ndege shorobo, kanga mwenye ushungi, jogoo wa jirani, kinyonga, ua la mbigili, na nanasi. Zote zimepigwa kwa mbele, macho mawili yanaonekana kwa wale wenye macho, nyuma kuna weupe mtupu, na hakuna anayecheka. Na zote zimekatwa juu. Hudihudi anaishia kwenye paji la uso. Nanasi linaishia pale majani yanapoanzia. Mimi nilikuwa na shahada, kwa hiyo nilijua mara moja kwamba hiyo ni falsafa. Nilimwambia kwamba nimeelewa, kwamba taji la kweli halionekani kwa macho. Akanitazama, akasema asante, akaniuliza kama nimekula.

Siku nyingine nilimuuliza kwa nini taji. Aliacha kufuta lenzi, akafikiri.

"Miaka thelathini nawaambia watu wavue," akasema. "Vua kofia, vua kilemba, vua kitambaa, mama, hata hiyo pini. Kuna bibi mmoja alilia. Nikasema kabla sijafa nipige picha ya mtu asiyeweza kuambiwa vua."

Basi kila Jumapili aliondoka na kamera na shuka kwenda kutafuta watu hao. Mke wake, ambaye mtaa unamwita Mama Pacha na ambaye ana saluni chumba kinachofuata, alikuwa akimwambia amsalimie bwana nanasi.

Mwaka huu ofisi ya vitambulisho ilinunua kamera zake. Sasa mtu anaingia pale bila picha na kutoka na kitambulisho, na amepigwa picha na kijana ambaye hamwambii hata neno moja kuhusu kidevu. Matokeo yake yanaonekana. Nimeona kitambulisho cha shemeji yake Kidevu, ndugu yake Mama Pacha mwenye bucha jirani, na ningekuwa askari ningemkamata. Wateja wa studio walipungua hadi ikawa siku nzima nasikia redio tu kupitia ukuta.

Kisha likaja tangazo, na mimi ndiye niliyelitoa fotokopi. Ofisi hiyohiyo ilikuwa imejenga ukumbi mpya wa kusubiria, na ilitaka picha moja, itakayokuzwa iwe kubwa kama mlango na kutundikwa mbele ya mabenchi. Mada: taji katika maumbile. Mtu yeyote aliruhusiwa kuleta.

Kidevu alilisoma akiwa amesimama, akalisoma tena akiwa amekaa. Shemeji alipopata habari alikuja na aproni yake ya damu.

"Shemeji, wamekunyang'anya sahani, na wewe unawapelekea kijiko?"

Mama Pacha naye alisema mume wake hana haya. Kidevu aliwaacha wamalize. Kisha akatoa pochi kwenye mfuko wa nyuma wa shemeji, kama mtu anayechomoa mwiba, akaifungua, na ndani yake ilikuwamo picha ndogo aliyompiga miaka kumi iliyopita, imepinda kama kipande cha ngozi kavu.

"Nimepiga picha mji mzima," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kutundika picha yangu ukutani. Mnaikalia. Nataka moja tu isimame."

Shemeji aliichukua pochi yake, akairudisha mfukoni. Kisha akauliza waondoke saa ngapi.

Alichokuwa akikitaka Kidevu ni korongo taji, yule ndege mrefu mwenye nyuzi za dhahabu zilizosimama kichwani kama ameshtuliwa na umeme. Wanaoishi karibu na mji wetu wamechagua makazi yao bila kutuuliza: wanakaa kando ya mabwawa ya majitaka. Ndege mwenye adabu zote za kifalme, anatembea hatua kwa hatua kama anakagua gwaride, na anachokikagua ni vyoo vyetu. Wamewazoea wafanyakazi wa pale na hawakimbii watu. Wanachokichukia ni shuka.

Jumapili tatu walikwenda. Mama Pacha alishika ncha moja ya shuka, shemeji ncha nyingine, nao walitakiwa kusogea nyuma ya ndege kila anaposogea, kimya, bila kukimbia. Jumapili ya kwanza ndege aliruka. Ya pili shemeji aliingia bwawani hadi magotini, hakuliachia shuka kwa heshima ya kazi, na bucha ilifungwa siku mbili. Ya tatu korongo alisimama, akageuka akatazamana na kamera, na Kidevu akanyoosha kidole. Mama Pacha ameniapia kwamba yule ndege aliinua kidevu.

Picha ilisafishwa kwa ukubwa wa meza. Tuliibeba Jumanne, mimi na yeye, ikiwa imefunikwa gazeti, kwa sababu nilikuwa nimemjazia fomu na aliogopa wangemuuliza kitu cha kisomi. Kwenye dirisha namba nne alikaa karani mwanamke, miwani imeshuka puani. Akaondoa gazeti. Akaitazama picha, akaitazama fomu.

"Baba, hapa mmeandika taji. Taji liko wapi?"

Kidevu akamwambia huyo ni korongo taji.

"Mimi naona kuku mrefu aliyekasirika."

Kidevu akacheka kidogo, kama mtu mzima anayemsubiri mtoto aelewe. Kisha akaitazama picha. Nilimwona akiitazama kwa mara ya kwanza, nadhani, bila ule utepe mwekundu kichwani mwake. Paji jeusi la ndege lilikuwa limekaa sawasawa kwenye ukingo wa juu. Juu ya hapo hapakuwa na kitu. Aligusa ule ukingo wa karatasi na kidole kilekile.

"Nimemvua," akasema.

Karani hakuelewa, lakini ni mtu mwenye huruma. Alisema mwisho wa kupokea ni Ijumaa saa sita mchana.

Tuliporudi, Kidevu alipita mbele ya ukuta wake akisimama kwenye kila picha: hudihudi, shorobo, jogoo, nanasi. Nikaona ni wajibu wangu kumweleza kwamba hata falsafa inaweza kutokea kwa bahati mbaya. Alinipita, na alifanya vizuri. Alimwita mke wake.

"Wewe ulikuwa unaona?"

"Naona nini?"

"Kwamba nawakata."

"Tangu lile nanasi," Mama Pacha akasema. "Nilidhani ndiyo sanaa."

"Miaka sita, mke wangu. Miaka sita hukusema."

"Ulikuwa na furaha. Nikuharibie kwa ajili ya majani ya nanasi?"

Kidevu alibandua utepe kwenye kamera kwa ukucha, akadhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Jumatano Mama Pacha alijijengea nywele juu ya kichwa, ghorofa mbili, kwa nywele za bandia na pini arobaini, akaja akaketi kwenye stuli, akamwamuru ampige na zote zitokee. Picha ya kwanza iliishia kwenye nyusi. Ya pili iliishia kwenye nyusi. Macho ya Kidevu yalikuwa yanautafuta utepe ambao haukuwapo tena. Ya tatu alijilazimisha, nywele zikaingia, kidevu kikabaki nje, na hilo likamtia uchungu kuliko yote.

"Rudi nyuma," mke wake akamwambia.

"Ukuta huu hapa."

"Basi toka nje."

Ilikuwa kana kwamba amemwambia apande juu ya paa. Kwa miaka thelathini Kidevu hakuwahi kupiga picha nje ya zile nyayo mbili. Alifungua mlango, akashuka ngazi kinyumenyume, jicho kwenye kamera, akavuka mtaro, akafika katikati ya barabara. Pikipiki ilimpigia honi. Shemeji alitoka buchani kuuliza kama anamkimbia dada yake. Kidevu alipiga palepale.

Ilitokea. Nywele zote, ghorofa zote mbili, uso, kidevu, stuli, taa, fremu ya mlango, na mimi nikichungulia pembeni kama mwizi. Aliitazama ile picha muda mrefu akiwa bado barabarani.

"Kumbe ndivyo ulivyo," akamwambia mke wake.

"Ndivyo nilivyo tangu unioe. Ulikuwa karibu mno." Kisha akaichukua kamera naye akaitazama. "Ifute. Kope moja imeshuka."

Hakuifuta. Ninajua kwa sababu alinipa niitoe nakala, na akanionya nikae kimya.

Alhamisi studio, saluni na bucha vyote vilifungwa, na mimi nikaomba ruhusa kazini kwa sababu ambayo tajiri wangu aliiandika kwenye daftari kama "ndege". Korongo alikuja saa tatu asubuhi. Alimtazama shemeji na shuka lake, akakunjua mabawa, akaenda moja kwa moja kulipiga. Shemeji ni mtu anayekata ng'ombe kila siku, lakini alilia kama kinda. Kidevu akaanza kurudi nyuma. Hatua moja, mbili, tano, kumi. Mlinzi wa mabwawa alimdaka kwa mkanda wa suruali zikiwa zimebaki hatua mbili aingie majini, akamshikilia hivyo hivyo, na hapo ndipo picha ilipopigwa.

Niliiona. Taji lote limo, kila uzi wa dhahabu, na nafasi ya kutosha juu yake. Imo pia ncha ya shuka, na kando yake, wazi kabisa, kiwiko cha shemeji. Nilimshauri Kidevu akikate. Alisema hakati tena kitu chochote maisha yake yote.

Ijumaa saa nne tulikuwa dirisha namba nne. Karani alishusha miwani, akaitazama picha.

"Hili ni taji," akasema. Kisha: "Na hiki?"

"Kiwiko," Kidevu akasema.

Alisoma fomu mbele na nyuma. Hakuona mahali palipokataza kiwiko. Akagonga muhuri, akaiweka juu ya nyingine, na nyingine zilikuwa nyingi. Nilihesabu hadi ishirini na saba kabla hajafunga kabati.

Leo ni Jumapili. Ukumbi unafunguliwa kesho saa mbili, na picha iliyochaguliwa hawatangazi. Itaonekana tu ukutani. Jana shemeji alikwenda kumdadisi mlinzi wa ofisi. Mlinzi alisema misumari imeshapigwa na picha imefika, imefungwa kwa karatasi ya kaki, imeegemezwa kwa kugeuziwa ukutani. Shemeji akamsihi achane kidogo tu, upande wa kulia, chini, aangalie kama kuna kiwiko. Mlinzi alisema atafikiria. Hajapiga simu hadi sasa.

Mama Pacha anajenga nywele tangu asubuhi. Shemeji amenunua shati la mikono mifupi. Kidevu hana shida yoyote na ofisi ile, kitambulisho anacho, lakini amesema atafika saa kumi na mbili alfajiri apange foleni hadi mlango ufunguliwe, achukue namba kama watu wengine, akae benchi la mbele kabisa, autazame ukuta. Mimi amenituma nimshikie nafasi endapo atachelewa. Hatachelewa. Namsikia kupitia ukuta, anapiga pasi lile koti, na leo amevitoa vile vibanio vya mgongoni.