Jiwe Lisilotaka Kukanyagwa

Nilipokuwa mtoto niliyaona haya yote mwenyewe, tangu mwanzo hadi mwisho, na mtu wa mwalo wetu, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, akikusimulia tofauti, muulize siku ile yeye alikuwa amekaa wapi. Mimi nilikuwa juu. Kazi yangu ilikuwa kuchunga mbuzi wa baba kwenye vilima vya mawe upande wa Ilemela, na mtu aliye juu ya mawe huko kwetu hadanganywi. Ziwa liko chini yake, na mitumbwi, na wanawake, na dagaa, na ugomvi wa kila asubuhi. Shule niliiacha darasa la tano. Macho hayakuacha.

Kwetu jiwe la kuanikia dagaa lilikuwa na mwenyewe, kama shamba. Mwanamke akiolewa, mama mkwe anamshika mkono na kumwonyesha: jiwe letu ni hili, kuanzia kwenye ufa ule mpaka kwenye mavi ya ndege. Dagaa waliokauka juu ya jiwe walikuwa safi, wakapelekwa sokoni Nyamagana wakaliwe na watu. Waliokauka chini walijaa mchanga, wakanunuliwa kwa bei ya kutupa, wakasagwe chakula cha kuku.

Nyamizi hakuwa na mama mkwe. Homa ilimpitia akiwa mdogo sana, huko Sengerema alikotoka, ikamnyausha miguu yote miwili, na kwa miguu hiyo hakuna aliyemposa. Alitembea kwa mikono, ndala kwenye viganja, na magotini alifunga vipande vya tairi. Beseni lake alilivuta kwa kamba aliyoifunga kiunoni. Alikuja mwaloni na kaka yake mvuvi. Kaka akahamia visiwani, yeye akabaki. Akawa anaanika mchangani.

Mama Holo, aliyekuwa na mawe matatu mazuri kuliko yote, hakuchoka kumtania.

"Nyamizi, kuku wako hawajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimia. Wanasema sauti yako wanaifahamu."

Basi wanawake wanacheka, mchana unapita, na Nyamizi anarudi nyumbani na pesa ya kuku.

Sasa, katikati ya mwalo palikuwa na jiwe bapa, pana kama uwanja wa kanisa, na hakuna aliyeanika hapo hata dagaa mmoja. Tuliliita Jiwe la Mwanangwa. Wazee walisema mtawala mmoja wa zamani, mwanangwa, alizikwa chini yake akiwa amekaa, utosi wake ukigusa jiwe, naye hataki kukanyagwa kichwani. Atakayemkanyaga atachukuliwa miguu. Bibi yangu aliniambia maneno hayo huku amenishika masikio yote mawili, ili yasije yakaingia huku yakatokea kule. Nilipomuuliza mbona mbuzi wanapanda, akasema mbuzi ana kwato.

Asubuhi moja Nyamizi akalipita eneo lake la mchanga, akaenda na beseni lake moja kwa moja hadi chini ya jiwe lile. Wanawake wakaacha mabeseni yao. Mama Holo ndiye aliyepiga kelele kwanza.

"We Nyamizi! Unakwenda wapi?"

"Kuanika."

"Hapo? Mwanangwa atakuchukua miguu!"

"Ipi?"

Mtu mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Nyamizi akageuka nusu, akawatazama wote pale walipokuwa.

"Halafu si mnasema hataki kukanyagwa? Haya, mimi nitamkanyaga na nini?"

Wakaitwa wazee. Walibishana mpaka jua likapanda, na dagaa wa watu wakaanza kunuka kwenye mabeseni kwa kuwa hakuna aliyetaka kuondoka kabla ya uamuzi. Mwisho mzee wa mwalo akasema, neno la mwanangwa ni neno la mwanangwa, naye hakuwataja wanaotambaa. Wakati anasema hivyo, Nyamizi alikuwa tayari juu, anatandaza.

Tuliingoja adhabu yake. Nasema tuliingoja kwa sababu hata mimi nilihamisha malisho ya mbuzi ili nisikose kuiona. Haikuja. Kilichokuja ni dagaa wanaong'aa kama sindano mpya, na wachuuzi wa mjini waliouliza, "Wale wa jiwe kubwa wako wapi?" Wezi wa usiku waliokomba dagaa kwa kina Mama Holo hawakugusa chake. Wezi nao miguu yao waliihitaji. Katika misimu miwili Nyamizi aliezeka bati.

Hapo ndipo hatari ilipoingia, na iliingia kwa sababu mambo yalimnyookea. Siku moja Mama Holo aliweka beseni chini, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Jiwe hili limekufa. Lingekuwa hai tungeona. Kesho na mimi naanika juu, na mwenye miguu yake aje."

Wanawake wakaitikia. Nyamizi hakujibu, na yeye kutojibu ilikuwa habari kubwa. Alijua hesabu yake: wakipanda wote, watagawana jiwe kwa ukoo, na yeye hakuwa na ukoo pale. Ni kurudi mchangani.

Mchana huohuo mimi nilikuwa nimewaambia wachungaji wenzangu kwamba hakuna ninachokiogopa kati ya maji na mawingu. Wakasema, panda jiwe la mwanangwa. Mtu aliyejigamba kama mimi angefanyaje? Nilipanda. Nilikwenda hadi katikati, nikachuchumaa pale muda mrefu wenzangu wapate kunitazama vizuri. Nilipotaka kusimama, mguu wa kulia haukuwepo. Namaanisha, kuuona niliuona, lakini kuuhisi, hapana. Nikaanguka kwenye dagaa wa Nyamizi, na jiwe chini yangu likaguna. Mmmh. Hivyo.

Nililia kwa sauti ambayo nadhani ilifika Ukerewe. Nyamizi alikuwa wa kwanza kunifikia. Kwa mikono ile alikuwa na mbio. Akaufinya mguu wangu, akanitazama usoni, akawatazama wanawake waliokuwa wanakuja mbio na kusimama ghafla ukingoni, vidole vyao vimerudi nyuma kama vimegusa moto.

"Ana nini?" Mama Holo akauliza kwa mbali.

"Mguu!" nikapiga kelele. "Limechukua mguu! Na limeguna!"

"Limeguna?"

"Limeguna, mama!"

Nyamizi akaniburuta hadi chini, akainamisha kichwa mbele ya jiwe kama mtu anayemwombea mwingine msamaha. Jioni mguu ulikuwa umerudi, na mwalo ukakubaliana kwamba mwanangwa amemsikiliza yeye tu. Kesho yake Mama Holo alianika kwenye mawe yake matatu.

"Mimi jana nilikuwa nasema tu," akawaambia watu, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Nyamizi alianika juu ya jiwe lile maisha yake yote, na yalikuwa marefu. Mama Holo tulimzika zamani. Nyamizi alimlea binti wa kaka yake, kisha akamlea Kabula, mtoto wa binti huyo. Uzeeni alinunuliwa baiskeli ya magurudumu matatu, akaisukuma kwa mikono hadi chini ya jiwe na kuiacha hapo. Gurudumu nalo linakanyaga, alisema. Alifariki masika iliyopita, na kazini hakuwa ameacha kwenda ila siku za mwisho.

Pale msibani mzee mmoja, ambaye namzidi umri kidogo tu, aliwasimulia vijana kwamba Jiwe la Mwanangwa huguna, na kwamba babu yake alilisikia. Niliendelea na ugali wangu.

Kabula ana miguu mizima, mirefu kama ya korongo, na ana wasichana wawili anaowalipa. Nenda ukawaone asubuhi. Wakifika chini ya jiwe wanavua ndala, wanazivaa mikononi, wanapiga magoti na kupanda wakitambaa, watatu, mmoja nyuma ya mwingine, na mwaloni hakuna anayecheka. Mimi hukaa juu kwenye mawe yangu ya zamani nikawatazama. Mwalo ulimnyima Nyamizi jiwe kwa sababu ya miguu, na kwa sababu ya miguu hiyohiyo ukashindwa kumnyang'anya. Yeye ndiye aliyeligeuza jambo hilo. Kama ningekuwa na darasa zaidi ya la tano pengine ningelisema vizuri zaidi.

Nimesema niliyaona yote mwenyewe, na ni kweli. Kusikia ni habari nyingine. Jiwe halikuguna. Neno hilo lilinitoka tu, maana wanawake walikuwa wengi, wote wananitazama mimi, na mguu uliokufa ganzi niliuona ni kitu kidogo.

Kesho yake Nyamizi aliniita. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye dagaa wake.

"Shija, jana liligunaje?"

Nikaguna.

"Huyo ni mbuzi," akasema. "Hili ni jiwe, mwanangu. Guna kwa chini."

Nikaguna kwa chini. Akanifanya nirudie mara kadhaa, mpaka akaridhika.