Risasi Nilizomchagulia Shemeji

Katika miaka ya hamsini nilikuwa nikiuza bunduki na risasi katika duka moja la Mji Mkongwe, na nilijiona bingwa. Ukweli ni kwamba mnyama mkubwa kuliko wote niliyewahi kumuona akipigwa risasi ni nguruwe mwitu aliyekuwa akimaliza mihogo ya watu huko kusini mwa kisiwa. Hilo sikumwambia mteja yeyote. Nilikuwa nikiishika risasi kwa vidole viwili, naigeuza kwenye mwanga, nakunja uso, na watu wananiamini.

Mmoja wa walioniamini alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu. Alikuwa na kiduka chake bara, ndani kabisa, na kila baada ya miezi michache alivuka bahari kuja Ng'ambo, upande wa pili wa mji wetu, kumuona mkewe. Safari hiyo alikuja na furaha: amepata kibali cha kuwinda nyati mmoja. Bunduki anayo huko huko bara. Alichotaka kwangu ni risasi.

"Mie simsogelei nyati, shemeji," aliniambia. "Ntampiga kwa mbali, hatua mia mbili hivi. Lakini nataka nimkute yu hai nimchinje. Nkimkuta keshakufa, nyamafu ile, nani ataila?"

Hapo ndipo nilipokosea. Sisi tumefunzwa tangu chuo cha Kurani kwamba mnyama aliyekufa kwa risasi kabla ya kufikiwa na kisu haliwi. Kwa hiyo mwindaji wa kwetu hatafuti risasi ya kuua, anatafuta risasi ya kuangusha. Niliweka aina mbili juu ya meza. Moja ilikuwa ngumu, imefunikwa shaba mpaka nchani, nayo hupenya moja kwa moja. Nyingine ncha yake ilikuwa laini, ikigonga mwili hupanuka na kubaki humo humo. Nikajiambia kwamba ile ngumu itafika moyoni na nyati atakufa pale pale, lakini hii laini itamlaza chini akipumua, na shemeji atapata wasaa wa kufika na kisu. Nikamfungia boksi la zile laini. Wala sikuona haya kwenda kujisifu kwa dada yangu.

Siku ya tatu baada ya shemeji kupanda meli, aliingia dukani mzee mmoja aliyefanya kazi ya uwindaji bara kwa miaka mingi. Nilimwamkia, akaitikia, nikamhadithia habari yote nikitaraji sifa. Mzee alivua kofia akajikuna kichwa.

"Hizo laini ni za swala wakubwa, kongoni na pofu, mwanangu," alisema. "Nyati bega lake nene. Risasi ile humpasukia kwenye nyama, ndani haifiki. Na yule haanguki. Huingia kichakani, akageuka, akangoja. Sasa wewe ukimfuata na kisu chako..."

Hakumaliza, na mimi sikumuomba amalize. Nilimwacha na kofia yake mkononi nikaenda posta mbio, wala sikumuaga tajiri wangu mwenye duka. Nilimpigia shemeji simu ya maandishi, asimpige nyati kwa risasi zile. Jibu lilikuja kesho kutwa yake kutoka kwa mtu wake wa dukani: bwana keshakwenda porini, siku ya kurudi haijulikani.

Dada yangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Kila nilipojitayarisha kumwambia, niliishia kumpelekea samaki. Nilimpelekea changu, nikampelekea tasi, siku kumi mfululizo baada ya sala ya alasiri. Siku ya kumi na moja alikuwa anawapaa magamba, akasita na kisu mkononi, akanitazama.

"Kwani nimefiwa mie, kila siku unaniletea samaki?"

Nilisema bei imeshuka sokoni. Kisha nikatoka, nikakaa kwenye baraza ya jirani. Niliogopa kweli kweli. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia mtoto ambaye hajazaliwa.

Wiki ya tatu, asubuhi, shemeji aliingia dukani. Nilimtazama miguu kwanza, kisha mikono, kisha uso. Vyote vilikuwepo. Aliweka lile boksi juu ya meza, nikalifungua: risasi zote zimo. Nikazihesabu tena na tena bila ya kumtazama, na yeye akadhani nimekasirika.

"Najua utanuna, shemeji," alisema. "Nyati nlimpata. Kasimama uwandani, ubavu wote wazi, na bunduki nshaielekeza. Nkayatazama yale masafa. Goti langu hili bovu unalijua. Nkasema, mpaka nifike na kisu atakuwa keshakufa, ntakuwa nimeua kiumbe bure. Nkateremsha bunduki, naye akenda zake. We umenchagulia vizuri, mie ndo nlokuangusha. Nisamehe."

Nilizunguka meza nikamkumbatia mbele za watu, nikalia bila ya kujificha. Alhamdulillahi nilizosema siku ile sijui ni ngapi. Kisha nikamweleza yote, ya mzee, ya kichaka, ya samaki. Alitafuta kiti akakaa, akakamata goti lake kwa mikono miwili.

"Dada yako anajua?" aliuliza mwishowe.

"Hajui."

"Basi asijue mpaka ajifungue."

Niliomba ruhusa kwa tajiri tukaenda Ng'ambo pamoja kwa miguu. Njiani, kila baada ya hatua chache nilimgusa mkono, na yeye, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, alijifanya haoni.